Punda aliyejitaja kwa neno "moya"

Alikuja baada ya alasiri, akasimama mlangoni pa kibanda changu pale Langoni bila kuketi. Mtu asiyeketi hakuja kutengenezewa simu. "Maalim, Mheshimiwa akusalimu," akasema chini kwa chini. "Ana jambo dogo." Jambo lenyewe lilikuwa skrinshoti thelathini na kitu za akaunti moja yenye picha ya punda na jina la kubuni. Punda huyo alikuwa amemwandama Mheshimiwa miezi minne mfululizo: basari za karo zilizoishia kwa wapwa, boti ya wagonjwa iliyoozea ufuoni, kiwanja kilichobadilisha mwenyewe usiku mmoja. Wiki ile akavuka mpaka, akamtukana mama mzazi wa mtu. "Twataka jina tu," mjumbe akasema. "Gharama si neno."

Nilimwambia siwezi. Haikuwa kweli. Mwenye punda nilishamjua kabla sijamaliza skrinshoti ya tatu. Nimeona nilieleze hili kwa sababu wengi hapa Amu (Lamu), na si vijana peke yao, wanadhani kubadilisha jina na picha ndiko kujificha.

Kazi yangu ni simu. Natengeneza, na kwa miaka kadhaa sasa nafundisha waandishi wa habari, wanaharakati na vijana namna ya kulinda simu zao na yaliyomo. Swali la kwanza darasani huwa lilelile: nikifungua akaunti kwa jina jingine, nitajulikana? Nami huwarudishia: ujulikane na nani?

Kwa kampuni yenye mtandao huo hujafichika. Akaunti uliifungua kwa namba, namba ni ya laini, na laini imesajiliwa kwa kitambulisho chako. Kila ukiingia unaacha anwani ya intaneti na aina ya simu unayotumia. Anwani hiyo peke yake haimtoi mtu, maana kampuni za simu huwapa wateja wengi anwani moja kwa wakati mmoja, lakini ukiiweka pamoja na saa kamili na kumbukumbu za kampuni ya simu, watu wanaobaki ni wachache. Mpelelezi mwenye amri ya mahakama anajua pa kubisha.

Jirani hana amri ya mahakama, ila ana subira. Ataingiza namba yako kwenye M-Pesa kana kwamba anakutumia shilingi kumi, na jina la mwenye laini limjie kabla hajathibitisha. Au ataletewa akaunti yako kama mtu ambaye huenda anamjua, kwa sababu siku ile uliiruhusu programu isome namba zote ulizohifadhi. Picha uliyoituma kama faili huenda imebeba mahali na saa ilipopigwa. Na skrinshoti unayoposti kwa ujasiri ina kiasi cha chaji pale juu, pamoja na nusu ya jina la grupu la familia lililokuwa likiingia ujumbe wakati huo. Hili la mwisho nimeliona mara nyingi kuliko yote. Watu hukata picha upande wa chini wakasahau juu.

Punda, hata hivyo, sikumjua kwa lolote kati ya hayo. Alijitaja kwa lugha. Alikuwa akiandika Kiswahili cha shule, kimenyooka kama cha taarifa ya habari, lakini akipandwa na hasira anateleza. Mara "hakuna ndia nyingine", mara "hata siku moya". "Ndia", yaani njia, isingetosha, maana hata Mombasa kuna Ndia Kuu. "Moya", yaani moja, ndiyo iliyomleta visiwa hivi. Kisha nikaona vitone viwili mwisho wa sentensi, si kimoja wala vitatu, na nafasi kabla ya alama ya kuuliza. Vitone hivyo nilikuwa nimevisahihisha mimi mwenyewe kwenye zoezi la mwanafunzi mmoja mwaka uliotangulia. Na nilipoangalia saa za maandishi yake, akaunti ilikuwa kimya zile jioni ambazo umeme ulikatika mtaani kwake.

Haya si maajabu ya Maalim. Ni elimu yenye wataalamu wake. Mwaka 2013, gazeti moja la Uingereza lilipodokezwa kwamba mwandishi mpya aitwaye Robert Galbraith huenda ni J.K. Rowling, mtunzi wa Harry Potter, maandishi yake yalipelekwa kwa Patrick Juola, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani. Kompyuta haikutafuta maneno makubwa ya kifahari. Ilipima urefu wa maneno na yale madogo ambayo mtu huyarudia bila kuyafikiria, na matokeo yakamwelekea Rowling, ambaye baadaye alikiri. Kwetu kazi ni rahisi zaidi, kwa kuwa lahaja zetu zimejaa alama. Mtu akiandika "mato" akimaanisha macho, au "yana" akimaanisha jana, ameshakuonyesha anakotoka kabla hujauliza.

Sasa nirudi kwenye tusi lenyewe, ambalo ndilo lililomleta mjumbe.

Sisi si wageni wa kuwasema wakubwa. Enzi za vita vya Shela, zama za 1813 hivi, Amu na Mvita (Mombasa) zilirushiana mashairi ya siasa. Upande huu alikuwapo Bwana Zahidi Mngumi, upande ule Muyaka bin Haji, na mji mzima ulijua shairi limetoka kwa nani. Lililofichwa lilikuwa ndani ya shairi: nani hasa kapigwa, na kwa lipi. Leso nayo ni hivyohivyo. Mwanamke akipita Usita wa Mui, njia kuu ya mji wetu, na jina la leso lenye mkuki, yeye anaonekana waziwazi na aliyekusudiwa hatajwi. Ukikasirika umejitaja mwenyewe. Fumbo la kwetu lilimficha asemwaye, na asemaye akakaa hadharani na kauli yake.

Akaunti ya punda imeipindua sheria hiyo. Asemaye yuko gizani, asemwaye ametolewa sokoni mchana kweupe, na mamake pamoja naye. Ndiyo maana uchungu wake ni wa aina nyingine hata kama maneno ni yaleyale ya barazani. Kwa wanawake wanaogombea huwa vibaya zaidi. Mwanamume ataitwa mwizi, mwanamke ataulizwa talaka yake na kupimwa umbo. Nimesoma mamia ya maoni ya namna hiyo nikitayarisha masomo, na sikumbuki kama hata kumi yalihusu sera.

Basi kila mtu aandike kwa jina lake, wengi husema. Mheshimiwa naye ndivyo asemavyo. Lilishajaribiwa. Korea Kusini ilitunga sheria mwaka 2007 ya kuzilazimisha tovuti kubwa zithibitishe jina halisi la kila anayetoa maoni. Matusi hayakupungua kwa kiasi cha kuonekana. Kilichotokea ni kwamba taarifa za watu zilirundikana mahali pamoja, na mwaka 2011 wadukuzi wakaiba za watumiaji wapatao milioni 35 wa tovuti za kampuni moja. Mwaka 2012 mahakama ya katiba ya huko ikaifuta sheria.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Zurich walikwenda mbali zaidi. Walichambua maoni zaidi ya nusu milioni kwenye tovuti ya Ujerumani ya kukusanya saini za malalamiko, wakatoa matokeo yao mwaka 2016: walioandika kwa majina yao halisi walikuwa wakali kuliko waliojificha. Maelezo yao ni kwamba anayeamini anapigania haki hutaka aonekane akiipigania. Niliposoma nilicheka, maana nililiona grupu letu la kaunti. Wanaotukana kuliko wote mle wameweka picha za harusi zao na majina matatu kamili.

Kuna pia wasio na hasira yoyote. Mwaka 2021, mahakama ilipoukataa mpango wa BBI wa kubadilisha katiba ya Kenya, majaji na wanaharakati walioupinga walishambuliwa kwenye Twitter kwa wiki kadhaa. Uchunguzi uliotolewa na shirika la Mozilla mwaka huohuo ulionyesha kwamba waliokuwa wakiandika walilipwa kati ya dola 10 na 15 kwa kampeni tatu kwa siku, huku maagizo yakija kupitia magrupu ya WhatsApp. Hao huwezi kuwaita wananchi wenye uchungu. Ukiona akaunti kumi zinatukana kwa sentensi moja na kosa moja la tahajia, jua kuna mlipaji, na mara nyingi mlipaji ni mheshimiwa mwingine.

Mjumbe hakutaka kusikia habari za Korea. Alinikumbusha sheria ya uhalifu wa kompyuta ya 2018, ambayo kifungu chake cha 27 kiliweka faini ya hadi shilingi milioni 20 au kifungo cha hadi miaka 10 kwa kumsumbua mtu mtandaoni. Kweli ipo. Nami nikamkumbusha kwamba kifungu cha zamani walichokuwa wakikamatiwa watu kwa "matumizi mabaya" ya simu Mahakama Kuu ilikibatilisha mwaka 2016, na kosa la jinai la kuchafua jina likafuata mwaka 2017. Aliyechafuliwa ana mlango wa madai: aende kortini, athibitishe, alipwe. "Hilo lachukua miaka," akasema. Lachukua, ndiyo.

Sikumwambia sababu yangu hasa. Juni 2025, Albert Ojwang, mwalimu kijana aliyekuwa akiandika mtandaoni, alichukuliwa Homa Bay kwa madai ya kumchafulia jina afisa mkuu wa polisi. Akasafirishwa hadi Nairobi na akafia mikononi mwa polisi tarehe 8. Polisi walisema alijigonga kichwa ukutani. Uchunguzi wa maiti ukaikataa kauli hiyo. Tangu siku ile mtu akiniomba jina, hata kwa heshima, hata kama mwenye jina kakosa, naiona safari ile ya Homa Bay hadi Nairobi.

Mjumbe alipoondoka nilifunga kibanda nikaenda Mkomani. Nilimkuta kijana amekaa dakani akila embe. Nilimwambia nimekuja kuhusu punda. Embe likasimama njiani.

"Maalim, nani kakwambia?"

"Wewe. Kwa moya."

Hakuelewa hadi nilipomwonyesha. Kisha akataka kubishana: kuhusu basari hakusema uongo hata neno, ana picha za orodha. Nikamwambia najua, na ndiyo maana nimekuja mimi badala ya mtu mwingine. "Lakini mamake Mheshimiwa alikula basari gani?" Akanyamaza. Mama yule ni mtu mzima, anaumwa miguu, na mamake kijana humpelekea uji Ramadhani. Wanajuana mji mzima hawa. Alifuta lile tusi palepale mbele yangu, ingawa alinung'unika kwamba ndilo lililopata wasomaji wengi. Hilo sikuwa na jibu lake, kwa sababu ni kweli.

Tulikaa hadi magharibi. Tulitoa namba yake ya kawaida kwenye akaunti, tukazima kusomwa kwa namba za simu yake, tukaziondoa picha mbili ambazo paa la nyumba yao lilionekana kwa nyuma. Nikamwambia akiandika kwa hasira asiposti. Alale, asubuhi asome tena, atafute moya na ndia, na vile vitone vyake.

Punda bado anaandika. Boti ya wagonjwa ilishushwa majini mwezi uliopita, na sijui kama ni kwa sababu yake. Kiswahili chake sasa kimesafika, moja ni moja na njia ni njia, na mama wa watu wamepumzika. Ila juzi usiku aliposti habari za kiwanja, na mstari wa tatu ukaanza hivi: "Yana nilipita pale.." Nikamtumia ujumbe. Alikuwa amelala.