Carey Francis Hakuianzisha Alliance

Karibu kila rasimu ya kitabu cha kumbukumbu ninayoletewa niipitie ina sentensi ile ile: Alliance High School, iliyoko mji wa Kikuyu nchini Kenya, ilianzishwa na Edward Carey Francis, mmisionari Mwingereza aliyekuwa mwalimu mkuu wake. Imenichosha. Shule ilifunguliwa Machi 1926. Wakati huo Francis alikuwa Uingereza, akifundisha hesabu Cambridge. Kenya alifika 1928, na hata hapo hakuja Kikuyu. Misheni ya Kianglikana ya CMS (Church Missionary Society) ilimpeleka katika shule ya Maseno, Nyanza, akawa mwalimu mkuu huko hadi 1940.

Aliyeipokea Alliance ikiwa changa ni G. A. Grieve, akaiongoza miaka 14. Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza kuingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1944, alisoma chini ya Grieve, kisha akarudi kufundisha pale pale. Mtu anawezaje kuirukia miaka hiyo yote kana kwamba shule ilikuwa imefungwa?

Mfano unaonikera zaidi ni wa Oginga Odinga, Makamu wa Rais wa kwanza wa Kenya. Watu wanajua alisoma Alliance, wanajua alifundwa na Carey Francis, basi wanaunganisha. Lakini Francis alimkuta Maseno. Odinga alipoingia Alliance mwalimu mkuu alikuwa Grieve, na alishapita Makerere kabla Francis hajahamia Kikuyu.

Naelewa kosa linakotoka. Francis alikaa Alliance miaka 22, na vijana wake wakajaa katika serikali ya uhuru. Wao ndio walioishi kuisimulia shule, na kila mtu husimulia mwalimu aliyemwona. Ndiyo maana nasisitiza: kabla ya kuandika jina la mwalimu mkuu kwenye risala au wasifu wa marehemu, tafuta kwanza mwaka alioingia shuleni. Kuanzia 1926 hadi 1940, andika Grieve. Kuanzia 1940 hadi 1962, andika Francis. Mwaka usipopatikana, acha jina. Msiazime sifa za mtu mmoja kumpa mwingine. Grieve naye alifanya kazi.

Mengine ni mepesi. Francis hakuwa kasisi: alikuwa mmisionari na mcha Mungu kwelikweli, lakini hakuwahi kuwekewa mikono, kwa hiyo futeni hilo "Mchungaji". Alliance haikuwa shule ya Wapresibiteri peke yao kwa sababu tu iko jirani na misheni yao ya Thogoto. Jina lenyewe latokana na muungano wa misheni za Kiprotestanti wa 1918, wakiwemo Waskoti, CMS, Wamethodisti na Africa Inland.

Wala uhuru haukuleta mwalimu mkuu Mwafrika papo hapo. Baada ya Francis alikuja Laurence Campbell, Mzungu pia, naye alikuwa bado ofisini miaka kadhaa baada ya Desemba 1963.

Na Francis hakurudi kwao alipostaafu. Alikwenda Pumwani, Nairobi, akafundisha katika shule ya sekondari ya huko kama mwalimu wa kawaida, hadi alipofariki 1966.