Kamera Siyo Mwongozaji

Wiki hii tena. Kijana kanifuata chumba cha mazoezi hapa Kirumba, Mwanza, kamera ya bei mbaya begani: "Mwalimu, vifaa ninavyo, mimi sasa ni dairekta. Nianzie wapi?" Nikamuuliza, mhusika wako kwenye sini ya kwanza anataka nini? Akanionyesha lenzi.

Nimechoka. Anayeshika kamera ni mpigapicha. Mwongozaji anaamua nani asimame wapi, anyamaze lini, jicho la mtazamaji limfuate nani. Lenzi huja baadaye. Mtazameni Sidney Lumet wa Marekani, mtu wa jukwaa na televisheni, na filamu yake ya kwanza ya sinema, 12 Angry Men ya 1957. Karibu yote imo ndani ya chumba kimoja, wanaume 12 wanabishania kesi. Waigizaji walifanya mazoezi wiki mbili kwanza. Halafu kadiri ubishi unavyopanda, lenzi zinazidi kuwa ndefu, zile za kuvuta vitu karibu, na kamera inashuka: mwanzo iko juu ya usawa wa macho, mwisho chini yake, hadi dari linaonekana. Unahisi kuta zinakusogelea. Hilo halikuokotwa siku ya kupiga picha.

Ushauri wangu, wanafunzi wanaujua mpaka wanacheka: nunua chaki. Juzi tulichora mtumbwi sakafuni, wavuvi wawili wanagombania nyavu. Sini ilikuwa imelala hadi tulipompa kasia yule anayetukanwa. Mikono imeshikwa, hawezi kurusha ngumi wala kuondoka. Hasira yote ikapanda usoni. Tulipokwenda ufukweni kupiga picha tuliwahi asubuhi, kabla upepo wa ziwa haujaanza kuvuma kwenye maikrofoni. Saa nne tulikuwa tunakunywa chai.

Halafu zipo kauli ninazoambiwa kila mara. "Jukwaa ni la waliokosa filamu." Ingmar Bergman wa Uswidi alikuwa ameshapata Oscar alipoongoza jumba la maigizo la Dramaten, Stockholm, 1963 hadi 1966. Mwambieni yeye.

"Bila kuhamia Dar hutoboi." Chuo cha sanaa chenyewe kiko Bagamoyo, tangu 1981.

"Dairekta lazima afoke." Mwigizaji akiogopa anasahau maneno, mnarudia sini ileile hadi jua linazama. Mimi nafoka kwa jambo moja tu: mtu kupokea simu katikati ya mazoezi.