Je, wajua kwa nini picha za usiku hujaa chenga?

Mpige mtu picha sebuleni saa mbili usiku, taa ikiwa hafifu, kisha ikuze picha hiyo pale ukuta unapoonekana. Utaona vidoa vyekundu, vya kijani na vya buluu ambavyo ukutani havipo: hizo ndizo chenga. Wengi huilaumu kamera. Ni kweli joto na umeme wa ndani yake huchangia, lakini chanzo kikubwa mara nyingi ni uhaba wa mwanga.

Mwanga hufika kwa chembe ziitwazo fotoni, na chembe hizo hazina mpangilio. Panga vikombe uani wakati wa manyunyu: kimoja kitapata matone manne, jirani yake tisa, na mvua ni ile ile. Kihisi cha kamera, yaani sehemu inayopokea mwanga, kina mamilioni ya vikombe vya namna hiyo. Kikombe kinachotarajiwa kupata fotoni 100 huyumba kwa takriban 10, yaani asilimia 10. Kikitarajiwa kupata 10,000, huyumba kwa 100, asilimia 1 tu, na jicho halioni chenga. Hiyo ndiyo siri ya picha safi za mchana.

Kupandisha ISO, yaani kipimo cha jinsi kamera inavyokuza mwanga iliyoupata, hakuongezi hata fotoni moja. Hukuza kilichopatikana, pamoja na chenga zake. Dawa ya kweli ni kukusanya mwanga zaidi. Lenzi ya f/1.8 hupitisha mwanga karibu mara nne ya ile ya f/3.5 (nambari ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni kubwa). Ukiwa na stendi, acha shata (kifuniko kinachoruhusu mwanga kufika kwenye kihisi) wazi kwa muda mrefu zaidi, mradi unachopiga kimetulia.

Njia ninayoipenda kuliko zote ni kupiga picha nyingi za kitu kile kile na kutafuta wastani wake. Picha 16 hupunguza chenga mara nne, kwa kuwa kipeuo cha pili cha 16 ni 4. Wapiga picha za nyota wameitumia kwa miaka mingi, na mwaka 2018 Google iliileta kwenye simu za Pixel kwa jina la Night Sight: simu hupiga fremu kadhaa, huzilinganisha, kisha huziunganisha.

Programu za kusafisha picha moja hukisia tu kwa kutazama pikseli jirani, na ukizidisha, nyuzi za kitenge na vinyweleo hufutika. Ondoa chenga za rangi (vidoa vya rangi) karibu zote, lakini zile za mwangaza (vidoa vyeupe na vyeusi) ziache kidogo, kwa sababu jicho hutambua undani wa mwanga na kivuli kuliko wa rangi.