Klabu yenu ya matembezi ilianza lini? Njooni na daftari

Kwa miezi ya karibuni ofisi yetu ya michezo hapa Tabora imekuwa ikipokea malalamiko yaleyale kutoka kwa watu tofauti. Klabu ya matembezi imegawanyika, kila upande una mwenyekiti wake na fulana zake, na kila upande unadai kuwa ndio waasisi. Wanafika wakiwa wamefuatana na wazee wa kuwatolea ushahidi. Nawakaribisha, nawapa viti, halafu naomba kitu kimoja: daftari la vikao. Hapo ndipo watu huanza kutazamana.

Naamini wengi wanaokuja hawana nia mbaya. Ni watu wanaoamka saa kumi na moja alfajiri kwa hiari yao, na mtu wa namna hiyo ni vigumu kumshuku utapeli. Shida ni kwamba wanachanganya mambo matatu: mazoea ya kutembea, kundi la watu wanaotembea pamoja, na klabu. Kila moja lina tarehe yake ya kuanza.

Kwa mazoea ya kutembea, mkoa huu hauhitaji kutafutiwa historia. Katika karne ya 19 njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, kilomita zipatazo 1,200, ilipita hapa Unyanyembe, na wengi wa waliobeba mizigo walikuwa Wanyamwezi. Mpagazi alibeba karibu frasila mbili, yaani kilo 30 na ushei, akimfuata kirangozi aliyetangulia na bendera. Kwihara, ambako vijana wetu hupenda kwenda Jumapili asubuhi na kurudi na picha za simu, ndiko mmisionari Livingstone alikokaa kwa miezi mwaka 1872 akisubiri wapagazi wapya ambao mwandishi wa habari Stanley aliwatuma kutoka pwani. Mwaka uliofuata watumishi wa Livingstone, Chuma, Susi na wenzao, walipita hapohapo wakiwa na mwili wake, wakaufikisha Bagamoyo Februari 1874. Reli ilipoingia Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, upagazi wa safari ndefu ukakosa kazi.

Nayataja haya kwa sababu huletwa mezani kwangu kama ushahidi. Nimewahi kupokea rasimu ya katiba ambayo utangulizi wake unasema klabu "imerithi njia ya wapagazi". Maneno matamu, lakini wapagazi hawakuacha muhtasari wa kikao cha kuwarithisha. Tena mpagazi hakuwa mazoezini. Wapo waliokwenda kwa ujira na kurudi wakijivunia safari, na wapo waliopitishwa njia hiyohiyo wakiwa wamefungwa minyororo ya utumwa. Kuichora minyororo hiyo kwenye fulana ya kupunguza kitambi, kama nilivyoona mara moja, ni jambo la kufikiria mara mbili. Hayo ni maoni yangu binafsi, si msimamo wa ofisi.

Kutembea kwa makundi nako kuna historia yake. Wazee mkiwauliza watawatajia mchakamchaka wa shuleni na wa JKT, na watawatajia mwaka 1967, Azimio la Arusha lilipotangazwa na vijana wakashika barabara kwa miguu kuliunga mkono. Kijana Seti Benjamin alifariki akiwa njiani, akitembea kutoka Arusha kwenda Dar es Salaam. Oktoba mwaka huohuo Mwalimu Nyerere mwenyewe alitembea kutoka Butiama hadi Mwanza, maili zipatazo 138. Matembezi ya siku hizi yana baba mwingine. Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alihimiza wananchi wafanye mazoezi kila Jumamosi ya pili ya mwezi. Nikifungua faili zangu, makundi kadhaa yanayodai kuwa ya zamani sana yana barua za kwanza za baada ya wito huo. Hakuna aibu katika hilo. Mtoto aliyezaliwa 2017 ni mtoto kama wengine.

Sasa klabu. Kundi la WhatsApp si klabu, na admini wa kundi si mwenyekiti. Kutoa mtu kwenye kundi usiku wa manane si kumfukuza uanachama. Diwani kukata utepe si usajili, hata kama alikuja na spika. Na klabu ya michezo haisajiliwi kama shirika lisilo la kiserikali. Kuna waliozunguka na makaratasi hayo miezi mizima kabla ya mtu kuwaambia.

Klabu ya michezo huzaliwa kwa Sheria ya Baraza la Michezo la Taifa, Namba 12 ya mwaka 1967, pamoja na marekebisho yake ya mwaka 1971. Maombi yanaanzia kwa afisa michezo wa halmashauri yenu, sio Dar es Salaam kwa binamu anayefahamiana na watu. Mtaleta barua ya maombi, katiba, orodha ya wanachama waanzilishi yenye sahihi zao, na muhtasari wa kikao kilichoamua kuanzisha klabu. Ada inalipwa kwa namba ya malipo ya serikali. Mtu akikuomba fedha taslimu mkononi, usimpe, na usije kwangu baadaye kudai risiti.

Muhtasari ndio unaowaangusha wengi, kwa hiyo niuseme kwa kirefu. Uandikwe tarehe, mahali na saa. Waliohudhuria waandikwe kwa majina kamili, kila mmoja na sahihi yake mwenyewe; nimeona muhtasari wenye sahihi 22 za mwandiko mmoja, na kalamu ileile. Ajenda ziandikwe kwa namba, na chini ya kila ajenda uandikwe uamuzi, sio mjadala wote na nani alimjibu nani. Jina la klabu litajwe kama lilivyo kwenye katiba, herufi kwa herufi. Ikiwa katiba inasema "Klabu ya Matembezi" na muhtasari unasema "Kikundi cha Mazoezi", kwangu hivyo ni vitu viwili na nitavirudisha vyote. Mwenyekiti na katibu watie sahihi mwishoni, pamoja na tarehe. Muhtasari unaothibitishwa katika kikao kinachofuata una nguvu kuliko ulioandikwa mwaka jana kwa kukumbuka.

Katiba nayo iseme nani ni mwanachama, uchaguzi ni baada ya muda gani, nani anatia sahihi benki, na klabu ikivunjika mali inakwenda wapi. Kifungu cha mwisho hicho watu hukiruka kwa kuona ni nuksi kuzungumzia kifo cha kitu kinachozaliwa. Halafu klabu inagawanyika, na watu wazima wanagombania spika moja, maturubai mawili na jiko la gesi.

Usajili una masharti yake. Kuna ada ya mwaka. Mabadiliko ya viongozi yanaletwa kwa maandishi, yakiambatana na muhtasari wa uchaguzi. Katiba ikibadilishwa, mabadiliko hayatumiki mpaka Msajili wa vyama na vilabu vya michezo ayapokee na kuyakubali. Klabu isiyotimiza masharti inaweza kufutiwa usajili, na ikifutwa, cheti kilichotundikwa ukutani kinabaki kuwa pambo. Benki nazo zikipata barua mbili zinazopingana kuhusu watia sahihi, kwa kawaida huzuia akaunti mpaka mambo yaeleweke. Michango ya sherehe ya mwisho wa mwaka hulala humo. Wanachama wakija kulia kwangu, siwezi kuifungua. Mimi si meneja wa benki.

Jambo la barabara nitalipitia kwa kifupi, kwa kuwa wenyewe ni polisi na siwezi kuwasemea. Mkiandaa matembezi ya hadhara yenye mabango na wageni, Sheria ya Jeshi la Polisi na Polisi Wasaidizi, Sura ya 322, inataka taarifa ya maandishi kwa mkuu wa polisi wa eneo, si chini ya saa 48 kabla. Taja njia, saa na madhumuni. Kwa mazoezi ya kila siku, kaeni upande wa kulia wa barabara ili muyaone magari yanayowajia, na anayetangulia na anayefunga msafara wavae vizibao vinavyong'aa. Barabara ya kuelekea Ipuli alfajiri haina huruma, na bodaboda nyingine hazina taa.

Turudi kwenye historia. Mkitaka kuiandika ya klabu yenu, na ninahimiza muiandike, anzeni na makaratasi kabla ya wazee. Kusanyeni risiti za fulana, kwani huwa na tarehe. Tafuteni picha zilizosafishwa studio, zile zenye maandishi nyuma. Tafuteni daftari la michango ya maji na la rambirambi. Makundi mengi yalianza kwa kuzikana kabla ya kutembea pamoja. Baada ya hapo nendeni kwa wazee, mmoja mmoja, sio wote chini ya mwembe mmoja, maana wakikaa pamoja mwenye sauti kubwa ndiye anayekumbuka. Wanapopishana, andikeni kauli zote mbili. Msiongeze miaka. Klabu haipati cheti cha rangi nyingine kwa kuwa kongwe.

Wekeni nakala mbili mahali tofauti. Katika kituo nilichofanya kazi zamani, mchwa walikula faili la vilabu kuanzia chini kwenda juu, wakatuachia vichwa vya barua tu. Tulijua nani alituandikia, hatukujua alitaka nini.

Shauri moja kati ya yaliyo mezani kwangu limesogea wiki iliyopita, na nalieleza bila jina la klabu. Upande mmoja ulisema walianza zaidi ya miaka kumi iliyopita, wakitoka swala ya alfajiri na kuzunguka mpaka Cheyo na kurudi. Upande wa pili ukasema hakuna klabu kabla ya wao kuchapisha fulana. Wamebishana mbele yangu mara tatu. Kisha mjane wa aliyekuwa katibu wa kwanza akaja peke yake na daftari la kaunta, limefungwa kwa nailoni na kutunzwa ndani ya sanduku la nguo. Kikao cha kwanza kimo humo, na tarehe, na majina 14 yenye sahihi 14 tofauti. Safari za alfajiri zilitangulia kikao hicho, na fulana zilikuja nyuma yake. Wenyeviti wote wawili wanaogombana hawamo kati ya hao 14.

Walio hai kati yao tumewaandikia wafike ofisini Jumanne saa tatu asubuhi. Waje na vitambulisho, nasi tutakuwa na nakala za daftari. La asili amerudi nalo mama mwenyewe.