Chungu hakijaepuliwa: usiku wa Samhain katika hadithi za kale za Ireland

Mdomo wa pango la Oweynagat ni mdogo kuliko mlango wa banda la mbuzi. Liko pembeni mwa shamba la malisho karibu na kijiji cha Tulsk, kaunti ya Roscommon, magharibi mwa Ireland. Kuingia unapiga magoti, halafu unajivuta kwa viwiko kwenye tope, na ukiinua macho kabla giza halijakumeza unaona jiwe la kizingiti cha juu limechongwa mistari ya Ogham, mwandiko wa kale wa Ireland: “la Fraech, mwana wa Medb”. Medb ni jina la malkia anayevuma kuliko wote katika hadithi za nchi hiyo, na eneo la Rathcroghan linalozunguka pango ndilo linalotajwa kuwa makao yake. Maandishi ya Zama za Kati yaliliita pango hili mlango wa Jahanamu wa Ireland. Mara ya kwanza nilitoka humo na tope mpaka masikioni, na mwenyeji wangu akaniuliza, bila kucheka, kama nimekutana na mtu.

Kazi yangu ni kusoma hadithi hizi katika Kiairishi cha kale, na kila mwisho wa Oktoba napokea maswali yale yale. Halloween, ile sherehe ya usiku wa 31 Oktoba, ni ya nani? Miungu ya Wakelti, watu wa kale wa Ulaya magharibi wakiwemo Wairishi, ni ipi, na kila mmoja alisimamia nini? Hilo la pili ndilo linalonipa shida, kwa sababu mtandaoni limeshajibiwa vibaya: Lugh mungu wa jua, Brigid wa moto, Morrígan wa vita, utadhani baraza la mawaziri, kila mmoja na wizara yake. Hadithi zenyewe zinaucheka mpango huo. Lugh anafika kwenye lango la Tara, makao ya wafalme, na bawabu anamwambia hapa haingii mtu asiye na ufundi. Mimi seremala, anasema Lugh. Seremala tunaye. Mhunzi je? Tunaye. Mpiga kinubi, shujaa, mshairi, mganga, mnyweshaji? Wote tunao. Basi nenda kamuulize mfalme kama anaye mtu mmoja mwenye hizo zote. Akafunguliwa. Sasa huyo utampa wizara gani? (Jina lake lisikutishe. Katika Kiairishi cha kale hiyo gh ni ile ile ya ghali na ghafla: ni neno lugha lililokatwa mkia. Waingereza ndio wanaohangaika nalo.)

Kwa hiyo mtu akiniuliza aanzie wapi, simpi orodha ya miungu. Nampa usiku mmoja: Samhain.

Wairishi wa kale waliukata mwaka nusu mbili. Nusu ya joto ilianza Beltane, tarehe 1 Mei, mifugo ilipotolewa kwenda malishoni. Glosari iliyoandikwa yapata mwaka 900 inasema siku hiyo ng’ombe walipitishwa katikati ya mioto miwili ili kuwakinga na magonjwa. Nusu ya baridi ilianza Samhain, tamka “Sawin”, tarehe 1 Novemba, mifugo iliporudi nyumbani na ile isiyotarajiwa kuvuka baridi ikachinjwa. Lakini sherehe haikungoja kupambazuke. Julius Caesar, jemadari wa Roma aliyepigana na Wakelti wa Gaul, yaani Ufaransa ya leo, aliandika kwamba watu hao huhesabu usiku na si mchana, na kwamba kwao mchana ndio unaoufuata usiku. Wanafunzi wa Ulaya huambiwa jambo hili kama kioja. Mtu wa pwani, ambaye kwake usiku wa Ijumaa ni ule wa Alhamisi jua likishatua, na Idi huingia mwezi ukiandama magharibi, hana cha kushangaa. Gaul si Ireland, sawa, lakini hadithi za Kiairishi nazo huanza mambo yake giza likiingia. Jioni ya tarehe 31 Oktoba ni Samhain tayari.

Hapo ndipo wasimulizi walipopenda kuyaweka makubwa yao, nusu moja ya mwaka imekwisha na nyingine haijashika. Vita ya pili ya Mag Tuired, ambamo Lugh alimpiga babu yake Balor kwa kombeo jichoni akamuua, ilikuwa Samhain. Aillén, mmoja wa watu wa chini ya vilima, alikuwa akitoka kila Samhain kuichoma Tara, mpaka shujaa kijana Finn alipomkomesha. Lakini hadithi inayokusogeza karibu kabisa na usiku wenyewe ni ya Nera, na sijui kwa nini haisimuliwi zaidi.

Ni Samhain, Rathcroghan. Mfalme Ailill na mkewe Medb wamekaa na watu wao, chungu kiko motoni. Jana yake wamenyonga mateka wawili, na miili bado inaning’inia nje. Ailill anatoa ahadi: atakayekwenda kumvika mmojawapo pete ya ufito mguuni atapewa upanga wa mpini wa dhahabu. Wanaume wanatoka mmoja mmoja na kurudi mbio, maana giza la usiku huo lina watu wake. Anatoka Nera. Anauzungusha ufito mguuni mwa maiti, unafyatuka. Anaurudisha, unafyatuka. Mara ya tatu maiti anamwambia: utahangaika mpaka kesho, hiyo haishiki usipoipigilia kijiti. Nera anapigilia kijiti, inashika.

“Mwanamume wewe, Nera.”

“Mwanamume kweli,” Nera anajibu.

“Basi kwa uanaume wako huo, nibebe mgongoni unipeleke nikanywe. Nilinyongwa nina kiu.”

Anambeba. Nyumba ya kwanza imezungukwa na moto. Twende zetu, anasema maiti, hapa hawalali bila kuufukia moto wao. Nyumba ya pili imezungukwa na maji. Hapa pia hatuna kinywaji, hawa hawaachi maji ya kuogea wala ndoo ya maji machafu ndani baada ya watu kulala. Nyumba ya tatu mabeseni yamejaa, na ndoo ya maji machafu iko sakafuni. Maiti anakunywa kila chombo, na funda la mwisho anawatemea wenye nyumba. Wanakufa wote. Msimulizi anakatiza hadithi hapo na kutoa onyo kwa sauti ya mama mwenye nyumba: ndiyo maana si vizuri kulala na maji machafu ndani, wala kuacha moto haujafukiwa. Nilipofika sentensi hiyo mara ya kwanza nilicheka peke yangu maktabani. Bibi yangu alitukataza kufagia usiku, na hakuwahi kutueleza kilichompata aliyefagia.

Nera anamrudisha maiti kwenye mti wake. Akirudi kwa Ailill anakuta ngome imeungua na vichwa vya watu wake vimerundikwa, na jeshi la wageni linaondoka. Analifuata mpaka pangoni, hilo hilo la Oweynagat, na kuingia nalo. Mfalme wa huko chini anampangia nyumba ya mwanamke asiye na mume, na kazi: kila siku alete mzigo wa kuni. Siku zinapita, mwanamke anakuwa mkewe. Ni yeye anayemfumbua macho. Ule moto ulikuwa kivuli tu cha litakalotokea Samhain ijayo, usipokwenda kuwaonya. Amka uende, bado wamezunguka chungu kile kile, na hakijaepuliwa.

Nani ataniamini? anauliza Nera. Chukua matunda ya kiangazi, anajibu mke. Nera anapanda juu, katikati ya baridi, na vitunguu saumu vya porini, maua ya primrose na kangaga la dhahabu mkononi. Wenzake wako palepale, chakula kiko palepale.

Siku zote alizoishi chini hazikutosha kuivisha chungu kimoja, na majira ya huko yamegeuka: huku Novemba, kule maua yanachanua. Kwangu hiki ndicho kiini cha Samhain, kuliko kinyago chochote. Mlango ukifunguka, saa za pande mbili hazilingani.

Walio kule chini ni akina nani? Kiairishi huwaita watu wa síd, “shii”, yaani vilima vya kale, vingi vikiwa makaburi ya mawe ya maelfu ya miaka. Hao ndio Tuatha Dé Danann, kabila la Lugh na mungu mwenzake Dagda. Hadithi zasema walishindwa na mababu wa Wairishi, nchi ikagawanywa, washindi wakachukua juu na wao wakachukua chini. Msomaji wa pwani atakimbilia kusema ni majini. Unaweza kupata mwanga kidogo ukiwafikiria hivyo, ila usisahau kwamba hawa walikuwa wenye nchi. Wana wafalme, ng’ombe, visa vya ndoa, na madai ya ardhi.

Kuhusu Halloween nitasema machache. Kanisa liliweka Sikukuu ya Watakatifu Wote tarehe hiyo hiyo ya 1 Novemba, na desturi za mkesha zikabaki vijijini. Taa ya sura ya mtu inayowashwa usiku huo haikuwa boga. Katika jumba la makumbusho la maisha ya vijijini huko Castlebar kuna mfano wa taa ya tanipu, mboga ya mzizi, iliyochongwa Donegal mwanzoni mwa karne ya 20: sura imekunjamana kama ya kizee aliyenyimwa kitu, na ukweli ni kwamba inatisha kuliko boga lolote la dukani. Maboga yaliingia baada ya Wairishi na Waskoti kuhamia Marekani, ambako walikuta kitu kikubwa na laini kuchonga.

Sikukuu nyingine mbili za kale ni Imbolc, tarehe 1 Februari, ambayo sasa ni siku ya Mtakatifu Brigid, na Lughnasadh, tarehe 1 Agosti, yenye jina la Lugh. Ile “gurudumu ya mwaka” yenye sikukuu nane unayoiona kwenye mabango ni mpango wa Waingereza wa karne ya 20. Tuiache.

Nera hakukaa juu. Samhain iliyofuata watu wa Ailill waliivamia síd na kuiteka, naye akabaki humo na mkewe, na haitazamiwi atoke kabla ya Kiyama. Ila kulikuwa na ng’ombe. Nera alikuwa amepata mtoto kule chini, mtoto akapewa ng’ombe, na Morrígan akamwiba ng’ombe huyo akampeleka kupandwa na fahali wa kahawia wa Cúailnge. Ndama aliyezaliwa akapigana na fahali wa Ailill mwenye pembe nyeupe akashindwa, na ndama alipolia, Medb akaapa hatatulia mpaka aone baba wa ndama huyo akipambana na yule wa pembe nyeupe. Hapo ndipo unaanza mlango wa hadithi kuu ya Ireland, Táin Bó Cúailnge, vita nzima ya kumgombea fahali. Watu wa Ulster, jimbo la kaskazini lenye fahali huyo, wamelala na uchungu wa uzazi kwa laana ya Macha, mjamzito waliyemlazimisha kushindana mbio na farasi wa mfalme, na anayebaki kuzuia vivuko vya mito ni shujaa wao Cú Chulainn, miaka 17, peke yake.

Huyu angehitaji makala yake. Nitaje kifo chake tu. Alikuwa na miiko, mmoja ukimkataza nyama ya mbwa, mwingine ukimkataza kupita mekoni bila kula. Siku yake ilipofika akakuta vizee watatu njiani wanabanika mbwa. Akala. Mkono ulioshika nyama ukakosa nguvu, na saa chache baadaye alijifunga kwenye jiwe lililosimama ili afe wima.

Nakala ya Táin iliyomo katika Kitabu cha Leinster, cha karne ya 12, inamalizia kwa maneno mawili ya mwandishi. La kwanza ni la Kiairishi: baraka kwa kila atakayeihifadhi hadithi hii kwa uaminifu, kama ilivyoandikwa hapa, bila kuiongezea umbo jingine. La pili, chini yake, ni la Kilatini. Mimi niliyeiandika historia hii, anasema, au tuseme ngano hii, siyasadiki baadhi ya yaliyomo. Mengine ni hila za mashetani, mengine ubunifu wa washairi, mengine yanaelekea kuwa kweli na mengine hapana, na mengine yamewekwa kuwafurahisha wajinga.