Bhai Mardana hakuwa mpambe

Kila ninapozungumzia muziki wa ibada wa Masingasinga, huulizwa kama Bhai Mardana alikuwa mtumishi wa Guru Nanak, mwanzilishi wa dini hiyo. Hapana. "Bhai" maana yake ndugu, na ndivyo Nanak alivyomwita.

Walitoka kijiji kimoja, Talwandi, ambacho leo ni Nankana Sahib nchini Pakistan. Mardana, kwa mapokeo, alizaliwa mwaka 1459, miaka 10 kabla ya mwenzake. Alikuwa Mwislamu wa ukoo wa Mirasi, manju wa kurithishana waliopiga ala na kughani nasaba za wakubwa, watu waliohesabiwa wa chini. Ala yake ilikuwa rababu: tumbo la mti lililowambwa ngozi, nyuzi zikipigwa kwa kijiti. Anayelijua gambusi la taarabu ya zamani ataipata picha upesi.

Katika Janamsakhi, masimulizi ya maisha ya Guru, Nanak hunyamaza, kisha humwambia: Mardana, piga rababu, neno linakuja. Nyuzi hutangulia, utenzi hufuata. Ndiyo maana sehemu kubwa ya Guru Granth Sahib, kitabu kitakatifu cha Masingasinga, imepangwa kwa raga, yaani kwa mahadhi, na ndiyo maana siwezi kumwita Mardana msindikizaji.

Masimulizi hayohayo hayamfichi. Safarini yeye ndiye mwenye njaa, mwenye hofu, anayekumbuka nyumbani. Kule Hasan Abdal, mji ulioko Pakistan ya leo, anashikwa na kiu, anapanda kilima mara tatu kumwomba maji Wali Qandhari, mtawa wa Kiislamu aliyeishi juu yake, mara tatu anarudi mikono mitupu, ndipo Nanak anainua jiwe na chemchemi inabubujika. Napenda sana kwamba hakuna aliyeona aibu kuisimulia kiu yake.

Tenzi fupi tatu zenye jina lake zimo katika Guru Granth Sahib, ukurasa wa 553. Wa kwanza ni picha ya kilabu cha pombe: zama hizi mbaya ni pipa, tamaa ni pombe, moyo ndio mnywaji, hasira ni kikombe, na anayemimina ni majivuno.

Baada yake, mwanawe Shahzada alishika rababu. Kutoka hapo wakawapo Warababi, waimbaji Waislamu waliotumbuiza kwa karne nyingi mbele ya kitabu hicho kitakatifu, hata katika Hekalu la Dhahabu, hekalu kuu la Masingasinga, Amritsar, India. Mwaka 1947 jimbo la Punjab lilipogawanywa kati ya India na Pakistan, wengi wao walivuka mpaka kwenda Pakistan, na viti vyao hekaluni vikabaki vitupu.