Koti la baridi la bei ya punguzo: tunayoambiana na yaliyo kweli

"Sikukuu zimepita, baridi nayo inakwisha. Koti la nini tena?"

Upande wa kaskazini wa dunia, siku fupi kuliko zote huangukia karibu na Desemba 21, ndipo wengi wanapodhani baridi imefika mwisho wa ukali wake. Sivyo. Ardhi na bahari huendelea kupoteza joto wiki kadhaa baada ya hapo, kwa hiyo sehemu nyingi baridi kali zaidi hupiga Januari, na kwingine Februari. Duka halingoji hali ya hewa. Nguo za majira ya kuchipua zinakaribia kuingia, makoti yanajaza nafasi, basi bei inashushwa huku theluji ikiwa bado iko mlangoni. Anayenunua katikati ya Januari atalivaa koti lake msimu huu huu.

Kinachowahi kwisha ni saizi. Zile zinazovaliwa na wengi huondoka kwanza, na anayesubiri punguzo la mwisho kabisa huchagua katika mabaki. Kama mwili wako ni wa saizi ya kawaida, usisubiri.

"Punguzo la asilimia 70! Hilo halikosi kuwa la maana."

Asilimia 70 ya bei gani? Hapo ndipo pa kuuliza. Bei iliyopigwa mstari kwenye lebo inaweza kuwa ilidumu siku chache tu, au ilipandishwa ili ipate kushushwa. Umoja wa Ulaya uliliona hilo: tangu Mei 28, 2022, kanuni zake zinamtaka muuzaji anayetangaza punguzo aonyeshe bei ya chini kabisa aliyouzia bidhaa hiyo katika siku 30 zilizotangulia. Ufaransa ina sheria kali zaidi kwa mauzo yake rasmi ya msimu wa baridi: huchukua wiki 4, na bidhaa inayowekwa humo lazima iwe imekuwa dukani ikiuzwa kwa mwezi mmoja angalau.

Mahali pasipo na sheria ya namna hiyo, mlinzi ni wewe. Koti ulilolipenda Novemba, lipige picha pamoja na bei yake, uilinganishe Januari. Tena kuna maduka ya bei nafuu yanayouza nguo zilizoshonwa kwa ajili ya maduka hayo hayo. "Bei ya awali" inayoandikwa pale huenda haikuwahi kulipwa na mtu yeyote.

"Koti zito ndilo lenye joto."

Dhana hii ndiyo inayowapotezea watu pesa nyingi zaidi, kwa maoni yangu. Koti halitengenezi joto. Linazuia joto la mwili wako lisitoroke, na kinacholizuia ni hewa iliyotulia katikati ya nyuzi au manyoya. Ndiyo maana koti jepesi lililofutuka linaweza kulishinda koti zito lililobanana.

Makoti ya manyoya laini ya bata huwa na namba kama 600 au 800. Hiyo inaeleza gramu 28 hivi za manyoya hayo zikifumuka zinajaza inchi ngapi za ujazo. Wengi huisoma kama kipimo cha joto, wakaikimbilia 800. Lakini koti la 800 lililotiwa manyoya kidogo linaweza kukuacha ukitetemeka kuliko la 600 lililojazwa vizuri. Namba kubwa maana yake ni kwamba joto lile lile linapatikana kwa uzito mdogo. Uliza pia ni gramu ngapi zimetiwa ndani. Ukiona 90/10 kwenye lebo, ni asilimia 90 ya manyoya laini na 10 ya manyoya ya kawaida yenye vijiti.

Manyoya yakilowa hugandamana na joto linapotea. Nyuzi za polista hustahimili unyevu vizuri zaidi na bei yake ni ndogo, ingawa hulegea kwa kukandamizwa miaka mingi. Sufu nayo hunyonya unyevu unaofikia karibu asilimia 30 ya uzito wake kabla hujahisi kuwa imelowa. Kwa mtu anayeishi kwenye mvua iliyochanganyika na theluji, ningemwambia achukue polista nzuri, ayaache manyoya ya bei kubwa hata yakiwa na punguzo.

Dukani, laza koti mezani, ulibonyeze kifuani kwa kiganja, uachie. Likirudia unene wake, vizuri. Likibaki na shimo la mkono wako, liache. Pitisha vidole kwenye mishono: vijiti vya manyoya vikichomoza, vitaendelea kutoka. Kisha fungua zipu uangalie nyuma yake. Kama hakuna ukanda wa kitambaa unaoikinga, upepo utapenya hapo hapo katikati ya kifua.

"Limeandikwa haliingizi maji."

Soma vizuri. Kusukuma matone ni jambo moja, kuzuia maji ni jingine. Koti la kuzuia maji hasa huwa na kipimo cha milimita, kwa mfano 10,000, yaani kimo cha maji ambacho kitambaa kinastahimili kabla hayajapenya, na mishono iliyozibwa kwa utepe upande wa ndani.

Kuhusu lebo inayodai koti linafaa kwa baridi ya "hadi nyuzi −20", makoti ya kawaida ya mtaani hayana kipimo kimoja kinachowabana watengenezaji wote. Tena anayetembea haraka na anayesimama kituoni akingoja basi hawahisi baridi sawa.

"Ya punguzo hairudishwi."

Niliwahi kuambiwa hivyo, nikiwa nimeshika koti ambalo zipu yake ilikatika siku ya nne. Nikaondoka nalo, na hadi leo linaniuma, maana sikujua haki yangu. Kubadili mawazo ni jambo moja, kasoro ni jingine. Uingereza, kwa sheria ya haki za mnunuzi ya mwaka 2015, bidhaa yenye kasoro inaweza kurudishwa ndani ya siku 30 na pesa zote zikarejeshwa, ya punguzo au isiyo ya punguzo, isipokuwa kama kasoro yenyewe ulionyeshwa kabla ya kulipa. Kwa nguo zilizonunuliwa mtandaoni, Uingereza na Umoja wa Ulaya huruhusu siku 14 za kughairi bila kutoa sababu.

Kwa hiyo usikate lebo siku ya kwanza. Livae nyumbani juu ya sweta lako zito kuliko yote, ufunge zipu hadi kidevuni, unyanyue mikono yote miwili. Likibana mabegani, hewa inayokupa joto imekandamizwa. Lirudishe kesho yake, risiti mkononi.